TUMPIME MGOMBEA KWA KITI ANACHOKITAKA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tumeipiga chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tumelaumiwa. Katika siku za karibuni zilitufikia barua mbili, na walioziandika walitaka tuzichape katika karatasi hii. Ya kwanza ilieleza maradhi ya mgombea mmoja wa upande wa pili. Ya pili ilieleza asili ya babu yake, nchi aliyotoka na kazi aliyoifanya alipofika visiwani. Hatukuzichapa. Basi baadhi ya wenzetu wakasema kuwa tumekuwa waoga, na wengine wakasema kuwa tunampendelea mtu asiyetutakia kheri. Leo tumesimama kutoa jawabu, kwani jambo lenyewe ni kubwa kuliko barua mbili. Linahusu namna chama chetu kitakavyowasema watu kinaoshindana nao, na namna visiwa hivi vitakavyokaa baada ya kura kuhesabiwa.

Kwanza na tukubaliane neno moja. Sisi hatusemi kuwa mgombea yule anafaa. Kwa rai yetu hafai. Wala hatusemi kuwa ni utovu wa adabu kumkosoa. Mtu anayekaa kimya ilhali anaona jahazi linakabidhiwa nahodha asiyejua miamba, ukimya wake hauitwi adabu, huitwa khofu. Kumkosoa mgombea ni haki ya kila mpiga kura, na kwa chama cha upinzani ni wajibu. Tunachojiuliza ni hiki: tuseme nini, kwa ushahidi gani, na kwa ulimi wa namna gani, hata yule jirani ambaye bado hajaamua atusikilize mpaka mwisho?

MAANA YA KUTOFAA

Neno "hafai" ni jepesi mdomoni, lakini ni zito katika mizani. Shoka halifai kushonea nguo, wala sindano haifai kukatia mti, na hapana mtu anayekitukana kimoja kwa kushindwa na kazi ya mwenziwe. Asemaye kuwa fulani hafai, yampasa kwanza aeleze kiti kinachogombewa kina kazi gani.

Sheria imeweka mlango mpana. Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inamtaka anayegombea Ubunge awe raia aliyetimiza umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Haikutajwa shahada wala cheti cha skuli. Ni vyema mlango uwe mpana, ili mvuvi na mchumaji karafuu wapite kama anavyopita mwanasheria. Walakini kupita mlangoni si sawa na kuiweza kazi iliyomo ndani, na kazi ya kumpima aliyepita wameachiwa wapiga kura.

Iliyomo ndani ni kazi gani? Mjumbe, akiwa wa Baraza la Wawakilishi au wa Bunge, husoma miswada ya sheria na kuipigia kura. Husoma makadirio ya mapato na matumizi ya Serikali, akauliza fedha zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Humuuliza Waziri maswali mbele ya watu. Hukaa katika kamati, mahali ambapo hapana vigelegele wala ngoma, akafanya kazi ambayo aghlabu hapana anayeiona. Kisha hurudi jimboni kueleza alichokifanya na kusikiliza anavyolaumiwa.

Katika kazi hizo ndimo tunamopata maswali ya kumpimia mtu. Je, hulisoma jambo kabla ya kulisemea? Ahadi alizozitoa zamani alizitimiza, na kama hakuzitimiza alieleza kwa nini? Fedha za watu alizowahi kuzishika, ziwe za ushirika au za kamati ya skuli, alizitolea hesabu? Akiulizwa swali zito hujibu, au humtukana aliyeuliza? Wakubwa wa chama chake wakikosea, ana ulimi wa kuwaambia? Aliposhika cheo chochote, hata kidogo, alikiacha katika hali gani?

Mtu aliyeshindwa na maswali haya hafai, ajapokuwa na shahada tatu. Na mtu aliyeyajibu vizuri anafaa, hata kama alitoka skuli mapema kwenda kuwasaidia wazee wake shamba.

Sasa tazameni yale yasiyomo katika orodha hiyo. Hamna rangi ya mtu. Hamna kabila la babu yake. Hamna lafudhi yake, wala umasikini wake, wala talaka zake, wala kanzu yake iliyopauka. Hamna maradhi yake pia. Ikiwa mtu ni mgonjwa hata hawezi kuhudhuria vikao, sisi tutasema habari ya vikao: viliitishwa vingapi, na yeye alihudhuria vingapi. Mahudhurio yake ni mali ya umma. Kitanda chake ni chake mwenyewe.

YALIYOPITA KWETU

Ndugu wanachama, sisi watu wa visiwa hivi yatupasa kulichunga neno "hafai" kuliko watu wengine, kwa sababu tulilisikia likisemwa juu yetu sote. Serikali ya kikoloni ilipofungua mlango wa uchaguzi wa kwanza Julai 1957, ilitoa viti sita tu vya kupigiwa kura katika Baraza la Kutunga Sheria. Waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, tena wale tu waliotimiza masharti yaliyowekwa. Mama zetu hawakupiga kura mpaka mwaka 1961. Kila aliyeachwa nje aliachwa kwa kuhisabiwa kuwa hafai, na wala hapana aliyemuuliza ameshindwa na kazi gani.

Katika uchaguzi huo huo wa 1957 jimbo la Ng'ambo lilitupa somo jengine. Walishindana humo Sheikh Ali Muhsin Barwani, mtu aliyesoma Makerere na mhariri wa gazeti la Mwongozi, na Abeid Amani Karume, mtu aliyekuwa baharia na ambaye hakusoma sana skuli. Wako waliodhani kuwa kutajwa kwa upungufu wa elimu ya skuli kungetosha. Pingamizi juu ya mahali alipozaliwa Karume lilifikishwa hata mahkamani, na halikufaulu. Watu wa Ng'ambo walipopiga kura, Karume alipata kura zaidi ya mara tatu ya alizopata mpinzani wake.

Leo hatukusudii kuhukumu nani katika wawili wale alikuwa mbora; wanahistoria wameandika, na kila mmoja wetu ana rai yake. Tunachotaka kukionesha ni kuwa mpiga kura wa Ng'ambo, naye hakusoma sana, na naye alikuwa na mzee aliyetoka mbali. Alipomsikia mgombea akidharauliwa kwa mambo hayo, alijisikia anadharauliwa yeye. Mshale uliorushwa kwa mtu mmoja uliwachoma maelfu. Basi anayetaka tuchape habari ya babu wa mgombea, na ajiulize kwanza: katika jimbo letu, ni watu wangapi wenye babu kama huyo? Bila ya shaka ni wengi, na kura zao tunazihitaji.

MIFANO KUTOKA MAREKANI

Tusije tukadhani kuwa balaa hili ni la visiwani tu. Marekani ni nchi ya chaguzi nyingi, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri. Tumechagua humo mfano mmoja wa kukosoa vibaya na mfano mmoja wa kukosoa vizuri.

Mwaka 1964 Seneta Barry Goldwater wa Arizona aligombea Urais dhidi ya Rais Lyndon Johnson. Jarida moja lililoitwa Fact liliwapelekea madaktari wa maradhi ya akili 12,356 swali la kutaka wajibu kama Goldwater, kwa hali ya akili yake, anafaa kuwa Rais. Waliojibu walikuwa 2,417. Katika hao, 1,189 walisema hafai, 657 walisema anafaa, na 571 walisema kuwa hawamjui kwa kadiri ya kuweza kusema. Ukurasa wa mbele wa jarida ukawatangaza wale 1,189. Wala hao hawakuwa madaktari wake. Walimhukumu mtu ambaye hawakumpima.

Ikawaje? Goldwater alishindwa vibaya, kwani Johnson alipata kura 486 za wajumbe wa uchaguzi na yeye alipata 52. Lakini alikwenda mahkamani kulishitaki jarida, na mwaka 1968 akashinda. Jarida na mchapishaji wake wakatozwa dola 75,000 za adhabu. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa maradhi ya akili cha Marekani kiliweka kanuni ya kumkataza daktari kutoa hukumu juu ya akili ya mtu mashuhuri ambaye hakumpima mwenyewe, na mpaka leo watu huiita kanuni hiyo kwa jina la Goldwater. Aliyetuhumiwa akatoka na haki yake, na waliomtuhumu wakabaki na aibu.

Na jambo la kusikitisha ni kuwa jarida halikuihitaji njia ile. Juni 1964 Goldwater alikuwa amepiga kura katika Seneti kuipinga Sheria ya Haki za Kiraia, sheria iliyokataza kuwabagua watu kwa rangi zao katika mahoteli, katika mikahawa na katika kazi. Kura hiyo ilikuwa yake mwenyewe, aliipiga hadharani, ikaandikwa katika kumbukumbu, na yeye mwenyewe aliitolea sababu. Aliyetaka kumpinga alikuwa na kitu mkononi ambacho hapana mahkama ambayo ingemtoza mtu faini kwa kukitaja. Tena mpiga kura angeweza kukipima mwenyewe, bila ya kumuuliza daktari.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1970. Rais Richard Nixon alimpendekeza Jaji G. Harrold Carswell awe mmoja wa majaji wa Mahkama ya Juu ya Marekani. Huyu hakugombea kura za wananchi. Alihitaji kura za Maseneta, lakini somo ni lile lile. Waliompinga walifanya kazi ya kusoma. Walizitafuta hukumu alizozitoa alipokuwa jaji wa mahkama ya chini, wakaonesha kuwa nyingi zilipokatiwa rufaa zilitenguliwa na majaji wa juu yake. Walimu wa sheria waliosoma hukumu hizo walisema kuwa hazikufikia kiwango cha kiti kile. Kisha mwandishi mmoja wa habari akafukua nakala ya gazeti dogo la mji mdogo wa Irwinton, Georgia, ambalo Carswell mwenyewe aliwahi kulihariri. Humo mlikuwa na hotuba aliyoitoa mwaka 1948 alipogombea kiti cha baraza la jimbo lake, hotuba ya kuunga mkono utawala wa weupe juu ya weusi. Alipoulizwa mwaka 1970 aliikana hotuba ile na kusema kuwa hayo si mawazo yake tena. Kukana kwake kukatangazwa pamoja na hotuba yenyewe, na kila Seneta akawa na khiyari ya kuamini hili au lile.

Mtetezi mmoja wa Carswell, Seneta Roman Hruska wa Nebraska, alipobanwa akajibu kuwa hata watu wa wastani wako wengi nchini, na wao pia wanastahiki kuwa na mtu wao mahkamani. Utetezi huo ulimmaliza Carswell kuliko maneno ya maadui. Tarehe 8 Aprili 1970 Seneti ilimkataa kwa kura 51 dhidi ya 45, na baadhi ya waliomkataa walikuwa wa chama cha Rais Nixon mwenyewe. Mwezi huo huo Nixon alimpendekeza Harry Blackmun kwa kiti hicho hicho, na Seneti ile ile ikamkubali kwa kura 94 bila ya hata moja ya kupinga.

Hapo ndipo penye siri, ndugu wanachama. Waliompinga Carswell waliaminiwa kwa sababu walikuwa tayari kumkubali mtu mwengine kutoka mkono ule ule. Waliionesha dunia kuwa mizani yao ilikuwa ya kiti, wala haikuwa ya chuki. Na waliwapa watu wa chama cha Nixon njia ya heshima ya kuungana nao, kwa kuwa hapana aliyetakiwa kutukana wala kutukanwa.

JE, UWONGO HAUSHINDI?

Hapa mwenzetu mmoja atasimama kusema: "Maneno yenu mazuri, lakini uwongo hushinda." Tutamjibu kwa ukweli: ndiyo, wakati mwengine hushinda. Mwaka 1950, katika jimbo la Maryland huko huko Marekani, Seneta Millard Tydings alipigania kiti chake. Wapinzani wake wakatoa karatasi ya kampeni yenye picha iliyomwonesha yu pamoja na Earl Browder, aliyekuwa kiongozi wa Chama cha Kikomunisti. Picha ile ilikuwa mbili zilizounganishwa zikafanywa moja. Tydings akashindwa. Mwaka 1951 kamati ya Seneti iliilaani kampeni ile, lakini kiti hakikurudi. Na leo kazi ile iliyotaka mkasi na gundi hufanywa kwa simu ya mkononi, na si picha tu, hata sauti ya mtu.

Basi kwa nini sisi tusifanye hivyo? Tuna jawabu mbili, na zote mbili zimo katika mwaka mmoja wa historia yetu.

Jawabu ya kwanza ni Januari 1961. Viti vilikuwa 22. ASP ilipata 10, ZNP ilipata 9, na ZPPP ilipata 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Wajumbe watatu wa ZPPP walipogawanyika, pande mbili zikawa sawa, 11 kwa 11, na Serikali ikakosa kupatikana. Kura moja, ndugu wanachama! Katika nchi ambayo kura moja inaweza kutoa kiti, hatuna jirani wa kumtupa. Mtu aliyekwisha amua kutupigia hana haja ya tusi letu. Aliyekwisha amua kutupinga halitamgeuza. Yuko yule wa katikati tu, anayekaa barazani akasikiliza, na ambaye huenda mgombea tunayemtukana ni mjomba wake, au alimsomesha mtoto wake. Huyo akisikia hesabu ya ahadi zisizotimizwa atakaa akafikiri. Akisikia tusi atasimama akaondoka.

Jawabu ya pili ni Juni 1961, uchaguzi uliofuata baada ya pande zile kulingana. Kabla yake, tangu 1957, watu wa visiwa hivi waliingia katika kile ambacho wazee wanakiita mpaka leo zama za siasa. Maduka yalisusiwa kwa ajili ya chama cha mwenye duka. Maskuota walifukuzwa katika mashamba. Jirani alikataa kumzika jirani, na nyumba zilivunjika kwa sababu mume alikuwa wa chama hiki na mke wa chama kile. Magazeti madogo, mengine yaliyopigwa chapa kama hii yetu, yalishindana kwa kutajana asili na kuitana majina ya wanyama. Siku ya kura ya Juni watu wakaanza kupigana, na fujo zilipotulia watu 68 walikuwa wamekufa na mamia wamejeruhiwa. Hatusemi kuwa tusi peke yake ndilo lililoua. Zilikuwako sababu za ardhi, za kazi, na za khofu ya nani atatawala Mwingereza akiondoka. Lakini tusi lilikuwa kuni, na kila karatasi ilileta mzigo wake.

Na mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, na uchaguzi ukafanywa Oktoba 1995, kususiana kwa namna hiyo kukaonekana tena, khasa Pemba. Mpaka ikabidi yafanywe maridhiano, na Julai 31, 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanakubali Serikali ya umoja wa kitaifa, wakakubali kwa theluthi mbili. Visiwa vyetu ni vidogo. Mtu akimaliza kupiga kura hana pa kukimbilia. Atakwenda soko lile lile, atavua bahari ile ile, na maiti wake atabebwa na mabega yale yale. Marekani aliyeitwa mwendawazimu aliweza kurudi kwao Arizona. Sisi tunarudi mtaa mmoja.

MASHARTI YA MKOSOAJI

Kwa hivyo tunapendekeza kwa wanachama masharti haya, na sisi wa karatasi hii tutayafuata.

La kwanza. Kila neno liwe na mahali, siku na shahidi. Tusiseme "huyu ni mwongo." Tuseme: "Katika mkutano wa kampeni wa mwaka fulani, mahali fulani, aliahidi kisima. Leo kisima hakipo. Yeyote anaweza kwenda kutazama." Neno "mwongo" tumwachie msikilizaji alitamke mwenyewe, kwani analolitamka mwenyewe halisahau.

La pili. Tuanze kwa kutaja lililo jema lake. Kama alijenga darasa, tuseme alijenga darasa. Watu wanalijua darasa hilo. Tukilificha watatuona wahasidi, na hata lile la kweli tutakalolisema baadaye hawataliamini.

La tatu. Tuchague mambo mawili au matatu, yale mazito yanayohusu kazi ya kiti. Mwenye kuleta mashitaka ishirini hufanya yale matatu mazito yazame katika yale kumi na saba mepesi. Mgombea naye atachagua lililo dhaifu kuliko yote, alijibu hilo, na watu watadhani amejibu yote.

La nne. Tuulize zaidi kuliko tunavyohukumu. Mgombea asiyejua kazi ya Baraza hatuna haja ya kumwita jahili. Tumuulize kwa heshima, mbele ya watu: "Ndugu mgombea, ikiwa Waziri ameleta makadirio ambayo ndani yake barabara yetu haimo, utafanya nini, na utaanzia wapi?" Akijibu vizuri, tumempima vibaya na yatupasa tukubali. Asipoweza kujibu, watu watakuwa wamesikia kwa masikio yao wenyewe, wala hawatahitaji kuambiwa.

La tano. Tumpe nafasi ya kujibu kabla hatujachapa. Tumpelekee maneno tutakayoyasema, na jawabu yake tuichape karibu na maneno yetu. Wako watakaosema kuwa huko ni kumsaidia adui. Lakini tuhuma iliyosimama baada ya kujibiwa ina nguvu mara mbili ya tuhuma iliyokimbia jawabu.

La sita. Mizani ile ile tumpimie na mgombea wetu, tena yeye kwanza. Tukimlaumu wa kwao kwa kutotoa hesabu za ushirika, hesabu za chama chetu ziwe zimebandikwa ukutani. Nyani haoni kundule, lakini walio nyuma yake wote wanaliona.

La saba. Tuseme kwa jina letu na kwa sauti. Karatasi isiyo na jina inayopenyezwa chini ya mlango usiku, na sauti isiyojulikana inayozungushwa katika simu, hizo si kazi za wanachama wa chama hiki. Neno ambalo mtu hawezi kulisema mbele ya baraza, mwenyewe mgombea akiwapo, asilipeleke kwa jirani kwa kunong'ona.

Ndugu wanachama, masharti haya ni mazito kuliko kutukana. Tusi halitaki kazi. Ulimi hauna mfupa. Lakini kumkosoa mtu kwa haki kunataka watu wa kuhudhuria mikutano na kuandika ahadi, watu wa kuhifadhi magazeti ya zamani, watu wa kwenda kukitazama hicho kisima kama kipo. Kumbukeni kuwa hotuba ya Carswell ilipatikana baada ya miaka 22 katika gazeti dogo la mji mdogo. Kama hapana mtu aliyelihifadhi, isingelipatikana.

Basi tunatoa ombi. Waliotuletea zile barua mbili tunawaheshimu, kwani walikuwa na ghera ya chama. Tunawaomba warudi na kitu chengine. Tuleteeni ahadi alizozitoa, kwa tarehe zake. Tuleteeni hesabu za miradi aliyoisimamia. Tuleteeni idadi ya vikao alivyohudhuria na maswali aliyoyauliza. Kijana mmoja kutoka kila shehia achukue daftari na kalamu, ahudhurie mikutano ya pande zote mbili, aandike yanayosemwa bila ya kuongeza wala kupunguza. Yakipatikana hayo, karatasi hii ina nafasi ya kuyachapa, na majina yetu yatakuwa chini yake.

Kuhusu maradhi yake, tunamtakia afya. Kuhusu babu yake, amekwisha zikwa katika ardhi hii, na waliomzika walikuwa wazee wetu.